Usiukate Mchanga Miguu

Marseille, 3 Machi 1969

Kwa dada Gamra binti Amara, Guemar,

Salamu kwako na kwa wote wanaoniulizia. Mimi ni mzima wa afya, na kazi inakwenda vizuri kuliko mnavyoweza kufikiri huko.

Nimepata habari zako kwa watu. Wanasema tangu baba atutoke unashuka wewe mwenyewe kwenye shimo lake la mitende, unajaza kikapu na kupanda nacho mgongoni kama punda wa kukodi. Lo! Binti wa mwalimu Amara! Wenzangu wa kwetu Suf wananiuliza mkahawani, "Lazhari, mbeba mchanga wenu siku hizi ni dada yako?" wanacheka mpaka chai inawamwagikia. Aibu yako imevuka bahari bila nauli.

Sasa nisikilize. Mimi hapa ni mkuu wa ghala la nafaka bandarini. Ghala lenyewe ni refu kuliko mnara wa msikiti wenu. Ngano inamiminwa juu, inatokea chini. Nikigusa kitufe, mlima mzima unashuka. Nikigusa tena, unasimama. Nanyi huko mnapigana na mchanga kwa vikapu tangu enzi za babu zetu, asubuhi mmeutoa na jioni umerudi, halafu mnajiita mabingwa. Kazi gani hiyo? Hiyo ni adhabu ya mtu aliyemkosea Mungu.

Nimeamua kuoa. Nimemposa Salha, binti wa binamu yetu Tuhami. Tuhami anataka mahari ya miche minne ya mitende, iliyopandwa na kushika, si ahadi. Shimo la baba lina mitende minane na sakafu imejaa. Basi litapanuliwa upande wa magharibi. Tuhami atakata mteremko kule chini, kidogo tu, apate pa kupandia. Wewe usitie mdomo. Kaa nyumbani, pika kuskusi, subiri harusi.

Nduguyo,
Lazhari, mkuu wa ghala

*

Guemar, 20 Machi 1969

Kwa mdogo wangu Lazhari,

Nimekusoma. Hongera ya kuposa, na pole ya akili.

Eti mkuu wa ghala! Umeondoka hapa hujui kufunga mshipi wa suruali, leo unaamrisha milima. Haya, mkuu, hebu nikurudishe kwenye ubao ule mmoja baba aliotufundishia sote, maana naona wewe uliufuta mapema.

Mchanga una mlalo wake. Umwage kiganja, umwage mzigo wa ngamia kumi, utalala kwa mlalo uleule, hauzidi. Mteremko wetu wa magharibi umelala hivyo tangu baba alipochimba. Ukiukata miguu, hautakaa hapo umesimama ukingoja wewe utoke Marseille kuuonyesha kitufe. Utashuka. Na hauanzii pale ulipokata, unaanzia kichwani, kule juu kwenye ua wa makuti unaouzuia upepo. Ua ukianguka, upepo wa magharibi unaingia na mchanga wake. Shimo la wana wa Ben Salem lilikufa hivyohivyo. Walitaka nafasi ya mtende mmoja zaidi. Leo ukipita pale unaona ncha za makuti tu zimetokeza mchangani, na mbuzi wanazitafuna.

Baba alisema nini? "Toa kilichoshuka chenyewe. Usiuombe mteremko zaidi." Hilo hata Salha analijua, muulize. Na mimi ndilo ninalolifanya kila siku kwa hicho kikapu kinachokuaibisha. Wabeba mchanga wa kukodi wamekwenda kwenye visima vya mafuta, vijana wote wamekwenda, wewe ukiwa wa mbele. Ulitaka nani abebe? Mbuzi?

Waambie hao wanaocheka mkahawani kwamba kama si mgongo wa Gamra, lile furushi la tende unalowagawia kila Ramadhani ujifanye mkarimu lisingekuwapo.

Tena usinisahaulishe. Ni wewe uliyejibiringisha kwenye mteremko huohuo wa magharibi siku ya Idi, na kanzu mpya, ukafika chini na mchanga wote ukauzika mche wa mama. Baba alikufanya uutoe kwa bakuli. Ulilia mpaka kamasi zikaganda. Naona hukujifunza kitu ila kulia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu, kwa taarifa yako, ni mimi.

Dadako,
Gamra

*

Marseille, 9 Aprili 1969

Kwa Gamra,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana haikustahili kiti.

Unanifundisha mimi habari za vitu vinavyomiminika! Ninalala nayo, ninaamka nayo, naikohoa ngano. Wewe umeona shimo moja maisha yako yote, unadhani umeiona dunia. Mchanga ukisimamiwa unasimama. Ghala letu lina kuta, na ngano inaegemea kuta hizo kimya, haithubutu. Basi Tuhami akishakata atajenga ukuta wa mawe ya jasi pale chini, mnene, unaofika kifuani. Nimeshampelekea gharama. Ukuta utabeba mteremko na sakafu itabaki yetu. Hilo baba hakulifikiria kwa sababu baba hakutoka Guemar ila kwenda kuhiji.

Na fungu lako la urithi silikatai. Ni nusu ya fungu langu, kama sheria inavyosema. Chagua mitende yako upande wa mashariki, uikumbatie, uiimbie. Ila magharibi ni yangu, usiikanyage.

Unasema wazee wamesema. Wazee walisema pia redio ni shetani, leo wanaigombania.

Lazhari

*

Guemar, 30 Mei 1969

Lazhari,

Ukuta wako umesimama. Walisubiri niende Tuggurt kwenye maziko ya shangazi, wakakata. Niliporudi nilikuta vumbi la jasi mpaka kwenye bakuli za maji. Tuhami ameketi juu ya ukuta anakula tende zetu, anatema kokwa sakafuni, anajisifu kwa kila apitaye ukingoni: "Huu ndio ukuta wa Kifaransa!" Wafaransa nao wameonewa.

Nikamuuliza, "Binamu, msingi umeushusha mpaka wapi?" Akasema, "Mpaka penye mchanga mgumu." Nikamwambia mchanga hauna mgumu, una mkavu na mbichi, na huo mbichi ukiuanika hukauka. Akanijibu wanawake wanapenda kuhesabu nyufa za nyumba isiyo yao. Ebo! Nyumba isiyo yangu!

Ila sikukusudia kukuandikia habari za Tuhami. Nakuandikia habari zako. Hamma wa mtaa wa sokoni amerudi kutoka Marseille, amekuja kunipa pole ya shangazi. Nikamuuliza mkuu wa ghala hajambo? Akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Akaniambia kazi yako. Ngano inaposhikana na kuta za ghala, mtu hufungwa kamba kiunoni akateremshwa ndani, aipige kwa mti mpaka iachie. Huyo mtu ni wewe.

Yaani mkuu wa ghala anateremshwa kwa kamba kama ndoo ya kisimani! Kitufe uligusa lini? Wewe ni mbeba mchanga kama mimi, tena mimi natua mzigo wangu juani nikiwa na jina langu, wewe unatua wako gizani na jina la mtu mwingine. Na ndiye unayeniambia namwaibisha baba.

Wala sikucheka, kama unataka kujua. Nilikasirika tu. Bado nimekasirika.

Gamra

*

Marseille, 16 Juni 1969

Gamra,

Hamma ana mdomo usio na mlango. Alifukuzwa hapa kwa uvivu, ndiyo maana yuko huko anakunywa chai ya wafiwa.

Kazi yangu ni yangu. Mtu kuteremka kwa kamba si aibu. Aibu ni kukaa palepale ulipozaliwa ukimtukana kila aliyeondoka.

Ukuta umesimama, umesema mwenyewe. Kwa nini basi huoni haya? Nimemwandikia Tuhami achimbe mashimo ya miche Septemba joto likipungua, mbele ya ukuta, achimbe mpaka apate ubichi wa maji kama desturi. Mitende minne. Yangu mimi, niliyoipanda mimi. Baada ya hapo tusiandikiane tena mpaka harusi.

L.

*

Guemar, 5 Julai 1969

Lazhari,

Sawa. Tusiandikiane. Nina moja tu la kukuambia kabla sijafunga wino.

Nimetundika kikapu. Tangu leo sitoi hata kiganja. Mchanga wa magharibi umeanza kuurukia ukuta wako kila upepo ukivuma, unajaa nyuma yake na kumwagika kwa juu. Mwambie ukuta ujitolee wenyewe. Mwambie Tuhami amlete Salha na mahari yake ashike koleo. Mimi nitakaa kwenye kivuli cha mitende yangu ya mashariki nikitazama werevu unavyofanya kazi. Sijapumzika tangu baba afe, naona raha kweli.

Na hayo mashimo ya Septemba! Kuchimba hadi majini mbele ya miguu ya ukuta uliokaa juu ya mchanga! Mbuzi wangu mmoja ana akili ya nyinyi wawili, na ndiye mjinga wa zizi.

Gamra

*

Guemar, 24 Septemba 1969

Kwa mwanangu Lazhari,

Baada ya salamu. Sisi hatujambo, Salha hajambo, anakusalimu. Tende mwaka huu zimeanza kuwa njano mapema, tunatumaini heri. Yule ngamia niliyekuandikia habari zake nimemuuza.

Kuna jambo limetokea, na nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa wenye ndimi. Mashimo ya miche tuliyachimba kama ulivyoandika wewe mwenyewe, barua ninayo. Tulichimba matatu jana, la nne tukaliacha kwa leo. Kwa mpango wa Mungu, na si kwa kosa la mtu yeyote, alfajiri hii ukuta umeteleza kwa mbele ukaingia kwenye mashimo, na mteremko wa magharibi ukaufuata. Ua wa makuti wa juu nao umeshuka. Mitende mitatu ya baba yenu imezikwa hadi shingoni.

Dada yako alikuwa juu ya ukuta.

Sisi tulidhani ameacha. Alimtangazia kila mtu kwamba ametundika kikapu, akawa anakaa kivulini mchana kutwa akitutukana. Kumbe kila alfajiri kabla hatujaamka alikuwa anashuka kuupunguzia ukuta mchanga. Majira yote ya joto! Ndiyo maana mimi nilikuwa nikiwaambia watu, tazameni ukuta unavyohimili. Sasa mwanangu, mtu akienda mahali kwa siri, anayejenga atamlindaje?

Amekandamizwa na jiwe mguuni na mchanga umemfika kifuani. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu gari la posta linaondoka. Watu wanachimba. Kila koleo likitoka moja, yanaingia mawili.

Habari ya posa tutaizungumza baadaye. Kwa sasa sioni mahari yamesimama wapi.

Mimi,
Tuhami

*

Marseille, 3 Oktoba 1969

Dada,

Barua ya Tuhami imenifikia leo. Nimetuma simu ya maandishi mara mbili, posta ya Guemar haijibu. Huyo mtu anaanza na ngamia! Anaanza na ngamia wake, halafu ndiyo anasema dada yako yuko chini ya mchanga, na kabla hajajua kama umetoka anatia sahihi!

Nijibu. Nitukane ukitaka. Nitukane kurasa kumi.

Wasichimbe kwa koleo. Naandika kama mwendawazimu, jambo lenyewe limeshapita siku nyingi, kama limekuwa limekuwa. Lakini wasichimbe kwa mbele. Wakuwekee mbao kwanza pande zote, zikuzunguke, ndipo watoe kilicho ndani yake kidogo kidogo. Najua kwa sababu ndivyo nilivyotolewa mimi, ngano iliponifika kifuani. Mwezi wa Februari. Mtu alifungua mlango wa chini nikiwa bado ndani, ngano ikaanza kutembea, na kamba ikanibana tu bila kunivuta. Hamma hakukuambia hilo kwa sababu niliwasihi wote wanyamaze. Ngano haipigi kelele, dada. Inakukumbatia, ukitoa pumzi inakaza, na hairudi nyuma ukitaka kuvuta nyingine. Nilikuwa nikiwaza kwamba nikifa humo, Guemar hakuna hata mti mmoja utakaosemwa huu ni wa Lazhari. Mitende yote minane alipanda baba, na aliyeilinda ni wewe.

Wiki ya pili yake nikakuandikia ile barua ya ukuu wa ghala. Nikamposa Salha wa watu, ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri.

Nilijua, dada. Nilipokuandikia habari za kukata mteremko nilijua mlalo ni nini, niliujua kwa mbavu zangu. Nikasema mchanga si ngano. Nikasema nyumbani hakuwezi kunifanya hivyo.

Kama umekufa, sijui barua hii anaisoma nani. Awe nani, anijibu.

Lazhari

*

Guemar, 14 Oktoba 1969

Kwa mdogo wangu Lazhari,

Anayeisoma ni mimi. Acha kulia, wino wako umevuja na nimepata taabu kuusoma.

Niko hai. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Ile methali niliyokuandikia imekosea nyumba: asiyesikia ni wewe, guu lililovunjika ni langu. Hata methali siku hizi zinaonea wanawake.

Kuhusu mbao zako. Unadhani umegundua kitu? Nilikuwa nimezikwa mpaka kifuani, siwezi hata kukohoa, na mbele yangu Tuhami anachota kwa koleo na kila akichota napotea kidogo. Pumzi niliyokuwa nayo ilitosha neno moja, nikasema, "Pumbavu!" Akaacha. Ndipo wanawake wa mtaa wakamsukuma, wakaung'oa ua wa makuti wa upande wa mashariki, wakauchomeka kunizunguka, wakatoa mchanga wa ndani kwa bakuli za kuskusi. Bakuli, Lazhari. Kama lile baba alilokupa siku ya Idi. Nikiwa humo nilikuona wewe na kamasi zako, nikataka kucheka, mchanga ukanikatalia.

Basi kumbe tumetolewa kwa njia moja, wewe Februari, mimi Septemba, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Ungeniandikia hilo, ukaacha ghala na vitufe, ungesikia nimekuachia upande wangu wa mashariki, upande humo michikichi ukitaka, upande mpaka viazi. Mtu anaogopa kufa, badala ya kusema anajenga ukuta! Sijapata kuona ujinga wa namna hii, nami nimeishi jirani na Tuhami.

Usiniulize kwa nini nilikuwa nashuka alfajiri baada ya kusema nimetundika kikapu. Mitende haikuwa na kosa. Ni hilo tu.

Posa imevunjika. Tuhami amesema binti yake haolewi kwenye shimo lililofukiwa. Salha mwenyewe amekuja kuniosha nywele, akasema ni afadhali. Nami nimesema ni afadhali, kwa sababu yeye ana akili na wewe huna.

Sasa mambo ya maana. Mitende mitatu imezikwa mpaka shingoni, na mchanga ukikaa kwenye moyo wa mtende hadi baridi ije, moyo unaoza. Wanawake wanatoa wanachoweza. Mgongo wangu ni mzima ila hauna mguu wa kuupandisha. Anatakiwa mtu. Kikapu changu nimekishona upya, hakina kitundu. Ukifika usiniletee kanzu wala redio. Njoo na mgongo wako, na kama umeuchoka kwa Wafaransa, njoo nao hivyohivyo.

Kisha ukimaliza, nafasi ipo moja, kati ya mtende wa mama na njia. Mche mmoja, si minne. Usikate kitu. Utauchimbia wewe na nitaita watu washuhudie huu ni wa Lazhari, japo itaniuma ulimi.

Kila asubuhi wananiteremsha kwenye blanketi, nakaa chini pale mchana kutwa nikiwatukana wabebaji, maana bila matusi wanabeba nusu kikapu. Kwa hiyo siku utakayofika utanikuta shimoni. Najua utaukimbilia ukingo kama ulivyokuwa ukifanya, na utataka kujitupa. Upande wa magharibi bado haujapata mlalo wake, hata paka akipita unatiririka. Zunguka, upitie mashariki. Ushuke polepole, Lazhari, kama mtu anayejua dada yake yuko chini.

Gamra